Tunaambiwa tuache ndege tupande treni, halafu tukivuka mpaka tunatelekezwa stesheni

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa safari za treni za Ulaya, ni mrefu na nimeuandika hasira zikiwa bado zimenijaa. Asiye na muda apite tu.

Niweke jambo moja sawa kabla hatujaanza kuzozana: sina ugomvi na treni. Nazipenda. Treni ya umeme inachafua hewa kidogo mno ukilinganisha na ndege kwa safari ileile, hilo halina mjadala. Inakushusha katikati ya mji, unanyoosha miguu, hakuna wa kukunyang'anya chupa ya maji mlangoni. Ufaransa tangu 2023 wamepiga marufuku kwa sheria baadhi ya safari fupi za ndege za ndani, pale ambapo treni inakufikisha kwa chini ya saa mbili na nusu. Safi kabisa. Ila hizo ni safari za ndani ya nchi. Vuka mpaka sasa uone cha moto.

Ndani ya nchi moja una ratiba moja, tiketi moja na mtu mmoja wa kumgombeza mambo yakiharibika. Ukishavuka, safari yako inakosa mwenyewe. Hicho ndicho kilichonifanya nije hapa. Kuchelewa ni kuchelewa tu, hata ndege zinachelewa. Ninachokasirikia ni kwamba treni ya kwanza ikichelewa, hasara yote inahamia mfukoni mwako, na wale uliowalipa wote wawili wanakuonyesha mlango.

Yaliyonikuta ni haya. Safari ilikuwa ya nchi mbili, mashirika mawili. Tiketi nilikata mbili, kwa sababu hakukuwa na anayeuza moja ya kufika mwisho. Nilijiachia muda wa kutosha kabisa wa kubadilisha treni. Ile ya kwanza ikasimama porini, ikaenda kidogo, ikasimama tena. Tangazo: tunasubiri njia. Baadaye tangazo jingine: tunasubiri dereva. Tunafika stesheni ya kubadilishia tumechelewa zaidi ya saa moja, na treni yangu ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho siku hiyo, imeshaondoka.

Naenda dirishani. Dada wa mle ndani akaigeuza tiketi yangu ya pili mbele na nyuma, akairudisha chini ya kioo: "Hii si yetu." Namwambia najua si yenu, lakini ninyi ndio mmenichelewesha. Akanijibu kwamba wao walinipeleka nilikolipia, na nimefika. Nikabeba begi hadi upande wa pili wa stesheni, kwenye dirisha la shirika la pili. Kaka wa pale akatazama kompyuta yake, akasema bila hata kupandisha sauti: "Treni iliondoka kwa wakati. Kiti chako kilikuwepo. Wewe ndiye hukuwepo."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilishasoma kwamba baadhi ya mashirika ya Ulaya yana makubaliano kati yao, yanaitwa AJC kwa kifupi, kwamba abiria aliyekosa treni kwa kucheleweshwa na mwenzao aruhusiwe kupanda inayofuata kwa tiketi ileile. Nikayataja. Kaka akanitazama kama nimetaja jina la ugonjwa. Akaenda nyuma kuuliza, akarudi, akasema lazima kondakta wa treni ya kwanza aidhinishe kuchelewa kwenye tiketi. Kondakta yupi tena? Ile treni ilishageuza na kurudi kwao.

Basi nikanunua tiketi mpya ya asubuhi, kwa nauli ya siku hiyohiyo, ambayo kila msafiri wa treni anajua ni ya kukomoa. Usiku nikaumalizia kwenye benchi la chuma lenye vishikio katikati, vile vinavyowekwa makusudi ili mtu asijilaze. Choo cha stesheni kinadai sarafu, na mashine ya kuchenji pesa ilikuwa imezimwa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana kuna watu watasema "si udai fidia mkuu". Nimedai. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya haki za abiria wa reli, iliyoanza kutumika Juni 2023, inasema ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119 unarudishiwa asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini asilimia 25 ya nini? Ya tiketi iliyochelewa peke yake. Kwa kuwa nina tiketi mbili, ya kwanza, ambayo ndiyo ya bei ndogo, nitarudishiwa robo. Ya pili, iliyonila hasara yote, haihesabiwi, kwa sababu hiyo treni haikuchelewa. Ningekuwa na tiketi moja ya safari nzima, kuchelewa kungehesabiwa hadi kituo changu cha mwisho, na wangewajibika kunifikisha. Na tiketi hiyo moja nani analazimika kuniuzia? Shirika moja kwa treni zake lenyewe, ndiyo, linalazimika. Mashirika mawili tofauti yameambiwa yajitahidi tu. Mmeona changa la macho hilo? Halafu kanuni hiyohiyo iliwaongezea kinga ambayo ile ya zamani haikuwa nayo: ikiwa sababu ni hali mbaya ya hewa kupita kiasi na mengine ya namna hiyo, fidia hakuna.

Linganisha na ndege. Kanuni ya Umoja huohuo ya 2004 inawapa abiria wa ndege euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali, bila kujali tiketi ilikuwa ya bei gani. Na ukikosa ndege ya kuunganisha kwenye tiketi moja, kampuni inakutafutia nyingine mpaka ufike, hata kama ni ya kampuni ya watu wengine. Yule anayechafua zaidi ndiye mwenye abiria anayelindwa zaidi. Nani alikaa akapanga hivi?

Kukata tiketi nako ni adhabu inayojitegemea. Ndege unaandika mji unaotoka na unaokwenda, karibu mwaka mzima kabla, umemaliza. Treni za Ulaya ratiba yao inabadilika katikati ya Desemba kila mwaka, na mashirika mengi hayafungui mauzo mpaka ibaki miezi michache. Kila shirika na siku yake. Kipande cha kwanza kimefunguliwa, cha pili bado. Unasubiri cha pili ili uwe na uhakika, kinapofunguliwa, nauli nafuu za kile cha kwanza zimekwisha. Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya, aliahidi Julai 2024 kwamba italetwa sheria ya kuwezesha tiketi moja, mtandao mmoja, haki za safari nzima. Ahadi tunazo nyingi, mkuu. Mimi nataka kiti.

Najua watu wa reli wapo humu na watanieleza habari za ufundi. Nazifahamu, na ninaziheshimu. Karne ya 19 na ya 20 kila nchi ilijenga ya kwake. Ujerumani, Austria na Uswisi umeme wa njia ni volti 15,000. Ubelgiji na Italia 3,000. Uholanzi 1,500. Ufaransa wana 25,000 kwenye njia za kasi na 1,500 kwenye njia nyingi za zamani za kusini. Hispania reli zao za zamani zina upana wa milimita 1,668 wakati jirani zao Wafaransa wako kwenye 1,435. Mifumo ya ishara na usalama ilizidi ishirini barani kote, na huu mpya wa pamoja, ETCS, umekuwa ukifungwa taratibu kwa miaka mingi sana. Ndiyo maana treni inasimama mpakani ibadilishwe kichwa, au asubiriwe dereva mwenye leseni ya njia za upande ule. Sawa, chuma ni chuma, kukibadilisha ni mabilioni na miongo. Lakini tiketi si chuma! Tiketi haina volti wala upana wa milimita. Ni kampuni mbili kukubaliana nani atalipa abiria akikwama, basi. Mashirika ya ndege, washindani wakubwa, wanauziana viti kila siku na kugawana pesa baadaye.

Na msiniambie ni bahati mbaya yangu peke yangu. Treni za masafa marefu za shirika la reli la Ujerumani mwaka 2024 ziliwahi kwa asilimia 62.5, na hapo "kuwahi" maana yake ni kuchelewa kwa chini ya dakika sita. Ujerumani iko katikati ya bara, kwa hiyo ugonjwa wake ni ugonjwa wa kila mtu. Waswisi wamechoka: treni ya Ujerumani ikichelewa sana wanaikatisha pale Basel, mpakani, isije ikawavurugia ratiba yao, abiria mnashuka na mabegi mnatafuta ya Uswisi. Nawaelewa Waswisi. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Ila mwenye begi ni mimi.

Kuna sehemu hata reli yenyewe imegoma. Madrid na Lisbon, miji mikuu ya Hispania na Ureno, nchi mbili jirani, treni ya usiku iliyokuwa inaiunganisha ilisimamishwa Machi 2020 na haikurudi. Ukitaka kwenda kwa reli, unaungaunga kupitia Badajoz na Entroncamento, siku nzima inaishia njiani. Kwa ndege ni zaidi ya saa moja kidogo. Treni ya usiku ya Paris na Berlin ilirudishwa kwa shangwe Desemba 2023, wanasiasa wakapiga picha jukwaani. Desemba 2025 ikasimamishwa, Ufaransa ilipokata ruzuku. Mafuta ya ndege za abiria yenyewe yanaendelea kusamehewa kodi Ulaya chini ya mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2003, na tiketi za ndege za kimataifa hazitozwi VAT, wakati Ujerumani inaitoza tiketi ya treni ya kimataifa kwa kile kipande kilicho ndani ya ardhi yake. Halafu mtu anakuja kuniuliza kwa nini treni ni ghali.

Treni za usiku zenyewe, tusizitaje sana nisije nikapandwa na presha. Safari nyingine nililipia kitanda, nikafika jukwaani, behewa la vitanda halipo. "Hitilafu ya kiufundi." Wametuwekea behewa la viti, chumba cha watu sita, magoti yangu yakigusana na ya mzee wa watu aliyekuwa na dawa zake kwenye mfuko wa plastiki, anauliza kila anayepita kitanda chake kiko wapi. Taa ya dari haizimiki. Asubuhi kondakta akatugawia fomu ya kurudishiwa tofauti ya kitanda na kiti. Tofauti! Yaani usiku ule wamehesabu kwamba nimepata huduma ya kiti kikamilifu.

Na mpakani sasa. Ujerumani tangu Septemba 2024 inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Treni inasimama, askari wanapanda, wanapita behewa lote, halafu wanasimama kwangu. Waliokaa mbele yangu na nyuma yangu hawakuombwa chochote. Pasi ninayo, viza ninayo, ninatoa. Wenye rangi yangu mnaelewa, sina haja ya kuendelea.

Najua atakuja mtu kuandika "panda ndege uache kulialia". Mkuu, umepitwa. Nalalamika kwa sababu nataka kuendelea kupanda treni, na kila nikipanda nawaona watu waliojaribu kwa mara ya kwanza, wameduwaa stesheni usiku na watoto, na najua kabisa hao ndio tumeshawapoteza. Wakirudi watakata tiketi ya ndege, na sitawalaumu hata kidogo.

Dai langu ni moja: aliyekuuzia tiketi, au treni ya mwisho unayoikuta stesheni, ikufikishe. Wao wakagombane ofisini baadaye nani amlipe nani. Wana wanasheria, mimi nina begi.

Sasa naomba msaada. Shirika la kwanza limenitumia fomu ya kuchapisha na kutuma kwa posta, pamoja na tiketi halisi, wakati tiketi niliyonayo ni ya kwenye simu. Nimewaandikia barua pepe, naona jibu la kompyuta tu. Kama kuna mdau humu aliyewahi kulipwa ile tiketi ya pili, si robo ya ya kwanza, aweke hapa aliandika nini na alimpelekea nani. Na kama kuna aliyepeleka malalamiko kwa mamlaka ya usimamizi wa haki za abiria ya nchi husika, aniambie: ulipeleka kwa nchi ya shirika lililochelewa, au ile ulikokwama?