VETA, gereji ya mtaani au chuo binafsi: kijana wa ufundi magari aanzie wapi?

Mjomba_wa_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, na wenye gereji ndio nawalenga zaidi.

Nina mpwa wangu nakaa naye, kamaliza Form Four, kapata division four. Kurudia mtihani hataki hata kusikia, anataka ufundi magari tu. Na si maneno matupu: mwezi uliopita nilirudi nyumbani nikakuta kafungua kabureta ya Boxer yangu sebuleni juu ya gazeti, vipande vimepangwa mstari kama dawa za mganga. Akairudisha, ikabaki skrubu moja mkononi, na pikipiki ikawaka. Hiyo skrubu mpaka leo hatujui ni ya wapi.

Njia ninazoziona ni tatu. VETA Chang'ombe, chuo cha ufundi cha serikali, aombe nafasi, akipata aanze Januari. Gereji moja Tabata, fundi yuko tayari kumpokea ila anataka laki tatu ya "kumfundisha", na hela ya kula nimpe mwenyewe. Ya tatu ni chuo binafsi. Tangazo lao zuri, ada yao ni mara nyingi ya VETA, wanasema akimaliza kazi ipo.

Ipi kati ya hizi? Nawasilisha.

Konda_Mstaafu

Muulize kwanza kama anapenda kutengeneza magari au anapenda magari. Vijana wengi hapa kwetu wanasema wanataka ufundi, kumbe wanachosubiri ni ile zamu ya kwenda kutesti gari barabarani.

Grisi_Mkononi

Mjomba, mimi nina gereji Ilala, huu mwaka wa 16. Nimepokea vijana wa kila aina, wa VETA na waliokuja hawajui hata namba ya spana inasomwa wapi. Nikusimulie wiki mbili tu.

Mwaka jana nilikuwa na wawili. Mmoja katoka chuo na cheti cha Level II, mwingine alianza kwangu kwa kufagia. Ikaja IST, taa ya cheki injini inawaka, sailensi inapanda na kushuka. Mwenye gari alishabadilishiwa plagi zote nne na koili mbili huko alikotoka. Kijana wa chuo akachomeka mashine ya kupimia, ikatoa namba ya kosa P0171. Akaeleza vizuri kabisa: hewa nyingi, mafuta machache. Halafu akaharibu, akaandika oda ya sensa ya oksijeni. Nikamuuliza kwa nini sensa. Akasema kuna mtu YouTube alibadilisha hiyo, gari ikapona.

Yule wa ufagio muda wote huo kainamisha kichwa juu ya injini. Akasema, "Bosi, kuna kitu kinapiga mluzi huku nyuma." Tukapuliza kabu klina kidogo pale alipoonyesha, mlio wa injini ukabadilika hapo hapo. Kipaipu cha mpira kinachopeleka mvuke wa injini kwenye manifodi kilikuwa kimechanika upande wa chini, jicho halifiki. Hewa ilikuwa inaingia bila kupita kwenye sensa ya kuipima. Mashine haikudanganya, ilitaja ugonjwa. Kidonda kiko wapi, hilo ni la fundi.

Sasa usikimbilie kusema basi mtaani oyee. Wiki iliyofuata ikaingia Aqua, ile ya haibridi, ya petroli na umeme, taa ya onyo inawaka. Nilikuwa nje naongea na mteja. Yule bingwa wetu wa mluzi kainua siti ya nyuma, kaona nyaya nene za rangi ya machungwa, kashika koleo. Kwake betri ni betri: volti 12, ukikosea unapata cheche na kicheko cha wenzako. Betri ile ni volti 144, na inverta inaupandisha umeme kupita volti 500. Aliyemdaka mkono ni kijana wa chuo. Akapeleka ufunguo mbali na gari, akatoa waya wa betri ndogo, akauliza glavu za umeme ziko wapi. Nilikuwa sina. Akasema basi leo hatufungui. Akanieleza na mimi niliyemwajiri kwamba hata ukivuta plagi ya usalama unasubiri dakika kumi, maana kwenye inverta umeme bado umekaa. Niliona aibu, lakini nilinunua glavu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningempeleka VETA, na kila likizo awe gereji. Ile laki tatu usitoe. Kijana anayefagia, anayeosha vipuri kwa dizeli, anayetumwa Gerezani, Kariakoo, kununua bushi kwenye jua la saa nane, huyo ameshalipa. Fundi akishikilia hela yake, andikishaneni: miezi mingapi, na ataruhusiwa kushika nini mwezi wa ngapi.

Kichwa_Ngumu78

Sikubaliani. Mimi sijakanyaga chuo, nimejifunzia chini ya mwembe Buguruni, leo nina kiwanja, nyumba na magari mawili. Wa vyeti wanakuja kwangu kuomba kazi. Injini inafundishwa na injini. Mnamchelewesha kijana miaka miwili anachora michoro wakati mwenzake keshashusha gia boksi mara hamsini.

Waya_Mwekundu

Kaka Kichwa Ngumu, hongera kwa nyumba. Ila gia boksi ya hamsini ukiishusha kwa kosa la ile ya kwanza, umekosea mara hamsini.

Mjomba, mimi ni fundi umeme wa magari, nilipita VETA, sasa niko karakana ya kampuni ya malori. Kuna kitu watu hawaambiwi. "Ufundi magari" si kozi moja. Kuna mitambo, kuna umeme wa magari, kuna bodi na rangi. Kijana aliyefungua kabureta ya Boxer na kuipanga mstari juu ya gazeti, mimi ningemsukuma kwenye umeme. Kabureta zinaisha. Gari zinazoshushwa bandarini sasa hivi zimejaa sensa na kompyuta, na mafundi wa kusoma mchoro wa waya ni wachache kuliko wa kufungua hedi, kile kichwa cha injini. Siku ya kwanza kazini nilipewa lori ambalo taa za breki zinakufa kila likipita kwenye matuta. Watatu walishabadilisha swichi ya breki. Nikachukua mchoro na mita, nikaanza kupima nikitokea kwenye taa kurudi mbele. Waya wa athi ulikuwa umeliwa na kutu chini ya chesisi. Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sasa ubaya wa chuo. Mafunzo kwa vitendo, yale ya kwenda kazini, nilipelekwa sehemu nikawa mtu wa kuagizwa vitumbua. Wiki sita. Daftari langu la kazi likajazwa na karani ambaye hajawahi kuniona nimeshika spana. Nilihama nikajitafutia gereji mwenyewe. Mpwa wako akifika hatua hiyo, mjomba, usikae nyumbani ukisubiri chuo kimtafutie. Nenda naye, ongea na fundi mkuu uso kwa uso.

Mwalimu_wa_Karakana

Nafundisha ufundi magari chuo kimoja cha mkoani, nitasema yanayotuhusu bila kuficha. Kuna karakana ambazo bado zinafundishia 5K, injini ya zamani ya Toyota ya kabureta, iliyofungwa kwenye stendi, wanafunzi 25 wameizunguka, wa mstari wa nyuma anaona migongo. 5K si mbaya kwa kuanzia, maana kila kitu kiko wazi: unaona mafuta yanapita wapi, unarekebisha pointi kwa mkono. Ila mtu akiishia hapo anatoka kashika cheti, na mtaani hapati injini hiyo.

Kwa hiyo mjomba usichague chuo kwa jina wala kwa tangazo, iwe cha serikali au binafsi. Nenda siku ya masomo, saa nne asubuhi, bila miadi. Ingia karakana uangalie mikono ya wanafunzi. Uliza mashine ya kupimia iko wapi na nani anaruhusiwa kuishika. Kuna sehemu inafungiwa kabatini ofisini. Uliza injini ngapi zinawaka. Hicho chuo kinachoahidi kazi, waombe wakukutanishe na vijana watatu waliomaliza mwaka jana. Na uhakikishe kimesajiliwa, maana cheti cha chuo kisichotambuliwa ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kwa Kichwa Ngumu: siudharau mwembe. Ila niambie, hedi ya 1NZ, ile injini ya Toyota kama IST, unaikaza vipi?

Kichwa_Ngumu78

Kwa mkono unaojua, mwalimu. Miaka 20 haijanirudia.

Mwalimu_wa_Karakana

Haijarudi kwako, imekwenda kwa mwingine. Hedi ile ni aluminiamu. Unaanzia bolti za katikati kwenda pembeni, unakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mpaka kipimo cha kitabu, halafu unaongeza nyuzi 90, kisha 90 tena. Ukienda kwa hisia, hedi inajipinda kidogo kidogo, baada ya miezi gari inachemsha, mwenyewe analaumu rejeta. Hilo kijana anafundishwa asubuhi moja chuoni. Mtaani anaweza kukaa miaka kumi asiione hiyo spana.

Lakini ujuzi wako usipotee. VETA ina urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini. Wanakupima kazi unayoifanya, penye upungufu unapewa mafunzo mafupi, kisha unapata cheti. Hii ni njia ya nne ambayo mjomba hakuitaja: kijana anaweza kuanza gereji na cheti kikamfuata baadaye.

Kichwa_Ngumu78

Hiyo ya cheti nitumie inbox, kuna tenda ya magari ya halmashauri wananibania kwa kukosa karatasi. Ya hedi tutaongea siku nyingine.

Makanika_wa_Thika

Salamu kutoka Kenya. Huku hiyo njia ya nne ndiyo wengi wetu tumepitia. Unajifunza jua kali, halafu unaenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kufanya mtihani wa gredi: unaanza Grade III, unapanda hadi II, kisha I. Mimi niliingia Grade III nikiwa na miaka saba ya kazi nikidhani ni mchezo. Vitendo nikamaliza mapema nikakaa napiga miluzi. Swali la karatasi likaniuliza nieleze kazi ya themostati, nikaandika "huwa tunaitoa." Si uongo, ndivyo tulivyofanya gereji, gari ikichemsha unaitoa na kuitupa. Hapo ndipo nilijua injini inahitaji kufika joto lake haraka, na kwamba kuitoa kunaifanya inywe mafuta zaidi. Miaka saba!

Na mwambie kijana asiyadharau ya umeme. Nairobi basi za umeme zinabeba abiria tangu 2022, na bodaboda za betri tunaziona kila siku. Hizo hazina plagi wala oili ya injini ya kubadilisha.

Mpemba_Muscat

Mimi nilisomea mafunzo ya amali kwetu Vitongoji, Pemba, sasa nipo gereji Oman. La cheti niseme moja tu: huku cheti kilinifungulia mlango, lakini siku ya kwanza walinipa Land Cruiser ya eisi (kiyoyozi) iliyokufa, joto liko juu ya 40, wakanitazama. Kama chuo hakifundishi eisi, ajifunze pengine. Miezi ya joto huku kazi ni hiyo kutwa.

Konda_Mstaafu

Mpemba, na huko mnaita spana namba ngapi ile inayopotea kila siku?

Mpemba_Muscat

Kumi. Dunia nzima kumi.

Mjomba_wa_Mbagala

Wakuu, nimesoma zote, nyingine nimemsomea mwenyewe kwa sauti. Ya Aqua ilimnyamazisha kidogo. Tumekubaliana hivi: anaomba VETA, chaguo la kwanza umeme wa magari. Chuo binafsi nilikwenda jana saa nne kama mwalimu alivyosema. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli, mlinzi akaniambia funguo ziko kwa mkurugenzi na mkurugenzi yuko safarini. Nikashukuru, nikaondoka.

Limebaki moja. Kuanzia sasa mpaka Januari sitaki akae nyumbani na simu, na pikipiki yangu naihitaji ikiwa nzima. Yule wa Tabata kagoma kushuka chini ya laki mbili na nusu, na kuandikishana hataki. Grisi Mkononi, samahani kwa kukubebesha mzigo hadharani.

Grisi_Mkononi

Mlete Jumatatu saa moja kamili. Viatu vya kufunika vidole, ndala sitaki. Aje na daftari na kalamu, kila gari litakaloingia aandike limelalamika nini, tumepima nini na tumekuta nini. Mwezi wa kwanza hatagusa breki wala usukani wa gari la mtu. Chakula cha mchana tunakula pamoja kwa mama ntilie, hilo ni langu.

Na hiyo skrubu ya Boxer aje nayo.