Mnaonipigia debe kwa bei ya uongo, naombeni mniache

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia nikirukaruka. Mods naomba msiuunganishe huu na nyuzi nyingine za wauza keki.

Naoka keki, nipo Tabata, jiko langu ni la nyumbani. Sina fremu na sina pesa ya kulipia tangazo popote. Wateja wangu karibu wote wanatoka vinywani mwa watu: dada tunayeimba naye kwaya, kina mama wa kikoba, mzazi tuliyekaa naye benchi moja kikao cha shule. Njia hiyo siisemi vibaya hata kidogo, ndiyo inayolipa ada. Nina ugomvi na baadhi ya wanaonitangaza.

Leo asubuhi simu inaita. "Shikamoo dada, nimeelekezwa kwako na Mama Fulani, nataka keki ya bethidei ya kilo mbili." Marahaba, karibu mpendwa. "Kaniambia nikikutajia jina lake utanifanyia elfu arobaini."

Kilo kwangu ni 35,000. Nikamwambia kwa upole, kilo mbili ni elfu sabini. Kimya. Halafu: "Mbona mwenzio kasema wewe huna shida?" Akakata. Hata unga sijamaliza kuchekecha, Mama Fulani mwenyewe huyu hapa hewani, kanuna! Eti nimemwaibisha kwa mfanyakazi mwenzake.

Nimekuaibisha mimi? Wewe bei yangu umeipanga ukiwa wapi?

Na mjue hiyo elfu arobaini kaitoa wapi. Mwanawe alipobatizwa nilimfanyia hivyo, kwa sababu mtoto yule nimemshika tangu ana wiki moja. Ilikuwa zawadi yangu kwa mtoto, na nilimwambia hivyo hivyo. Yeye kaibeba kazini kwake kama ndiyo bei ya dukani. Nikikupunguzia wewe, nimekupunguzia wewe. Si ukoo wako, si ofisi yako, si kikoba chenu.

Mnaweza kusema si uwakatalie tu, maisha yaende? Nakataa, lakini tayari nimeshaharibikiwa. Mtu anamwamini rafiki yake kuliko anavyoniamini mimi ambaye hanijui. Rafiki kasema arobaini, mimi nasema sabini, basi mwizi ni mimi. Angenikuta mwenyewe bila kuelekezwa na mtu, angeuliza bei, tungeelewana au asingeinunua, na tungeachana kwa amani. Huyu wa leo kaondoka na hasira, na nina uhakika hapo alipo ananisema.

Mwanzoni mwa 2024 ndiyo nilikoma. Mnakumbuka mvua za El Niño zilivyovuruga uzalishaji viwandani, sukari ikafika elfu nne na kuendelea kwa kilo, na mahali pengine huipati kabisa. Nikapandisha kidogo, nikawaandikia wote ninaowajua. Wapiga debe wangu wakaendelea kutaja bei ya zamani kama hawaishi nchi hii. Hawa watu sukari wananunua wapi?

Kuna kundi jingine, kamati za harusi. Hawa wanakuja na mwenyekiti, mhazini na shemeji mmoja mwenye maneno mengi. Wanataka keki ya ngazi tatu na vikeki vya wazazi pembeni, halafu wanakata nusu ya bei, "lakini tutakutangaza, MC atakutaja ukumbini." Wakuu, mmewahi kumsikia MC akimtaja mwoka keki? Anakutaja wakati watu wanaifuata ndafu kwa macho na spika zinapiga kelele, tena jina lenyewe anakosea. Mwenye gesi hapokei kutajwa, mwenye mayai anataka hela ya trei.

Na wapo wanaokutaja kwa ubaya tu. Dada mmoja alikataa kuongeza nauli ya bajaji, akamtuma bodaboda wake. Nikamwonya, krimu na matuta ya barabara za huku havipatani. Keki ikafika imelala ubavu. Picha ilizunguka magrupu yote ya WhatsApp, na jina langu chini yake. Habari ya nauli hakuiandika.

Sasa niwaambie nani ananitangaza vizuri kuliko mashosti wote. Dereva wa bajaji anayenipelekea mizigo. Akiulizwa hiyo keki ya nani, anajibu: "Kuna dada huku Tabata, nasambaza keki zake kila wikiendi, sijawahi kurudishwa nazo. Bei muulize mwenyewe." Namba anatoa, kamaliza. Anaowaleta yeye wanafika wakijua wanachotaka, na mara nyingi wanalipa bila mabishano. Mteja akishalipa namtumia dereva chake, ila hajawahi kuniomba. Mama Fulani anaomba kipande cha kila keki "kwa sababu mimi ndiye niliyekuleta mjini."

Kwa hiyo mkinitaja, semeni mlichokiona. Semeni ilifika saa ngapi, ilikaaje na joto hili la Dar mpaka saa sita usiku, mama mkwe alirudia au hakurudia. Kama ilikuwa kavu semeni ilikuwa kavu, nitajirekebisha. Bei niachieni, maana siku hizi kuna keki ya krimu na ya fondanti, kuna anayetaka picha ya mtoto juu na anayetaka maandishi tu, na wewe unayemwambia mwenzio "haizidi elfu arobaini" hata hujamuuliza anataka ipi.

Mama Fulani najua unasoma humu, na jina unalotumia nalijua. Yule mwenzako akiitaka keki kweli, aje tuongee. Jumamosi bado nina nafasi moja. Ni elfu sabini, nusu analipa leo, na akinitajia aliyemtuma nitamwitikia kwa heshima zote, bei ikibaki palepale.