Tumelipia shabaha za kugeuka, tumeletewa feni mbovu

Wakuu, nalileta hapa kwa sababu kwenye grupu la klabu nimeshaambiwa nina kelele.

Renji yetu (uwanja wa kulenga shabaha) ya bastola ya mita 25 ilikuwa na shabaha za kugeuzwa kwa kamba: mtu anakaa pembeni, anavuta huku akitazama saa ya mkononi. Tukachangishana, tukapata kampuni inayojiita wataalamu wa mitambo, tukawapa maelezo kwa maandishi. Shabaha tano kwenye fremu moja, zigeuke nyuzi 90 kwa pamoja, na kugeuka kwenyewe kusizidi sekunde 0.3 kama kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, zinavyotaka. Hatua ya kasi ya bastola ya wanawake mita 25 tuliwaandikia mpaka kwa wino mwekundu: shabaha inamtazama mpigaji sekunde 3, inakaa ubavu (unaona ukingo wake tu) sekunde 7, kila ikitazama unapiga risasi moja tu. Kuna kigumu hapo?

Walicholeta ni mota moja ya waipa, tena ya gari lililokwishachoka, imefungwa kwenye shabaha ya kwanza. Nyingine nne zinavutwa na nondo. Matundu ya pini yametobolewa kwa kukisia, kila kiungo kinacheza. Ya kwanza imeshakutazama, ya tano bado iko ubavu! Sasa aliyepangiwa ya tano anapiga nini?

Na zikishageuka hazitulii. Hakuna mpira wa kuzizuia, ni chuma kinagonga chuma, shabaha inarudi nyuma kidogo kisha inatetemeka. Risasi ya .22 ikipita kwenye karatasi ambayo bado inazunguka inaacha mchano, si tundu. Kanuni inasema mchano huo ukizidi milimita 7 kwa upana, hauhesabiwi. Juzi mwamuzi kainamia karatasi moja na kipimo chake, wapigaji wawili wamemsimamia kichwani, mmoja anaapa alifyatua shabaha ikiwa imesimama kabisa. Mimi namwamini. Lakini utathibitishaje kwa mashine ile?

Taima ndiyo kichekesho. Ni relei, swichi ya umeme ya kuchelewesha, ya kuzungusha kwa kidole, haina hata alama za sekunde. Ukiigusa kidogo, 3 inakuwa 4. Mashindano ya kupiga kwa haraka yana mizunguko ya sekunde 8, 6 na 4, risasi tano kwenye shabaha tano. Ukikosea sekunde moja kwenye ile ya 4 umeharibu mchezo mzima. Kibao kidogo cha Arduino, kile cha kompyuta ndogo unachokiprogramu mwenyewe, kingemaliza hilo, na vijana wa vyuo wanakichezea kila siku.

Lililonitoa moshi ni hili. Fremu wameichomelea kwa chuma cha pembe, upande bapa ukiwaelekea wapigaji, wazi, bila hata ubao mbele. Risasi ikigonga pale vipande vinarudi kwa watu. Nilipowauliza nikajibiwa, "Wapigaji wenu wajifunze kulenga." Mtu kalipwa malipo ya awali, halafu anakujibu hivyo!

Najua kuna watakaosema tununue za elektroniki, zile za taa nyekundu na kijani. Tukipata hela hiyo tutaezeka kwanza paa la kibanda cha wapigaji. Tulichotaka ni upepo: kampresa, valvu ya umeme, silinda moja ya kusukuma fimbo iliyonyooka, bushi kwenye kila kiungo, na ncha za fimbo ziwe na uzi wa skrubu ili kila shabaha irekebishwe peke yake. Fundi wa breki za lori angenielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kamati inasema tuvumilie, "itazoea." Mota inazoea nini?

Salio halitoki, na hilo nimeshawaandikia. Waje wafungue waipa yao waondoke nayo. Mwenye kumjua fundi wa mambo ya upepo anayekubali kulipwa baada ya majaribio, tena shabaha zote tano zikigeuka mbele ya mwamuzi, anicheki PM.