Hofu yangu na tumbo la mwanangu

Mama wa Langoni, Lamu:
Assalaam aleikum. Mume wangu ni mvuvi, na tangu upepo wa kusi ulipoanza kuvuma silali usiku anapokuwa baharini. Hukaa nikisikiliza upepo na kuitazama simu mpaka alfajiri. Mwanangu wa miaka 7 sikumwambia lolote, lakini kila babake akitoka yeye huumwa na tumbo hapa kitovuni na hataki kula. Amepimwa choo na mkojo, hakukuonekana kitu. Je, yawezekana hofu yangu ndiyo inayomuuguza?

Muuguzi, Malindi:
Waaleikum salaam, dada yangu. Yawezekana, ingawa nakuomba usijitwike hatia. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajajua kusema. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo mtoto wa mwaka mmoja aliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kama ina shimo katikati, na mamake akasimama upande wa pili. Kati ya watoto 19 walioonyeshwa uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 walioonyeshwa uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja. Basi mwanao, aonaye macho yako kila asubuhi, amekwisha kuambiwa.

Maumivu yake ni ya kweli, wala hasingizii. Mwili ulioingiwa na hofu hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio, na utumbo, ambao una neva nyingi zake wenyewe, ukavurugika. Hata hivyo, maumivu yakimwamsha usiku, akikonda, akipata homa au choo chake kikiwa na damu, mrudishe hospitali upesi.

Bi Mkubwa, Shela:
Mwanangu, nimengoja mvuvi miaka 40. Wanangu walitishwa na kunyamaza kwangu kuliko bahari yenyewe. Siku niliyomwambia mkubwa wao kwamba kusi ni kali nami nina wasiwasi, ila babake yuko na wenzake na njia wanaijua, alikaa akala. Nawe usikeshe peke yako; mwite mama mkwe au shoga yako.

Muuguzi, Malindi:
Bi amesema kweli. Na usingizi ukiendelea kukukimbia, mwone daktari kwa ajili yako mwenyewe, kwani mara nyingi mama akitulizwa wasiwasi, mtoto naye hupata nafuu.

Mama wa Langoni, Lamu:
Ahsanteni. Jana nimemweleza. Aliniuliza iwapo mashua ya babake ina taa. Nikamwambia inazo mbili, akataka azione.