Naomba ushauri: nifikie kisiwa gani Galápagos?

Habari za humu wakuu. Nafanya shahada ya uzamili kuhusu serikali za mitaa visiwani, na mwakani natarajia kwenda Galápagos, mkoa wa Ecuador ulio karibu kilomita 1,000 baharini kutoka bara. Makao makuu ni Puerto Baquerizo Moreno, kisiwa cha San Cristóbal, ila watu wengi wako Puerto Ayora, Santa Cruz. Mkoa mzima hauna hata watu 30,000.

Rasimu yangu ya kwanza ilirudi na alama nyekundu, eti "gavana wa kuchaguliwa yuko wapi?" Hayupo! Mikoa mingine ya Ecuador humchagua mkuu wake kwa kura, lakini huku kuna Baraza la Uongozi ambalo mwenyekiti wake huteuliwa na Rais wa nchi. Kura zipo ngazi ya chini: kantoni (kama wilaya) tatu, San Cristóbal, Santa Cruz na Isabela, kila moja na meya wake.

Kinachonichanganya zaidi ni Floreana. Ni kisiwa kidogo kilicho chini ya San Cristóbal kiutawala, ilhali Santa Cruz iko karibu zaidi.

Sasa nipange chumba wapi, kwenye ofisi au kwenye watu? Mgeni anaruhusiwa siku 60 tu, na kiingilio cha hifadhi ni dola 200 tangu Agosti 2024, kwa hiyo sina nafasi ya kubahatisha. Aliyewahi kufika anisaidie, hasa kuhusu boti za kati ya visiwa. Mimi bahari hunilaza chali.