Kikundi cha Majirani Nzuguni: mkandarasi kala hela, boma limeishia kozi ya tano

Mama Neema 19:42
Mbukwenyi majirani. Nyumba ya dada yangu yule aliyeko Mwanza: mkandarasi kalipwa milioni 18 ainue boma hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kaishia kozi ya tano (mstari wa tano wa tofali), simu hapokei wiki ya tatu sasa. Tumepata fundi mwingine, anaanza Jumatatu. Huyu wa kwanza tunambanaje?

Injinia Mlewa 19:47
Pole sana dada. Fundi wa Jumatatu mwambie asubiri, asiweke hata tofali moja. Akishapandisha kozi ya sita, nani atatenganisha kazi ya huyu na ya yule? Dai lenu lote limesimama hapo: hela iliyotoka, na kazi iliyopo chini.

Mama Neema 19:48
Lakini mvua inakuja kaka

Injinia Mlewa 19:55
Funika juu ya kuta kwa nailoni, kandamiza kwa tofali, chimba mfereji maji yasisimame kwenye msingi. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na haiharibu ushahidi.

Kesho asubuhi piga picha kila kona, futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Halafu video moja isiyokatwa, zunguka saiti nzima. Hesabu vilivyobaki: mifuko ya saruji, nondo, mbao, kokoto. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa aje, orodha isainiwe mbele yake na igongwe muhuri.

Baba Junior 19:58
Na ubora je? Nimepita pale, zile tofali hazinipi raha.

Injinia Mlewa 20:09
Chukua msumari wa inchi nne, kwaruza uso wa tofali. Zuri linaacha mstari mweupe tu. Bovu linamong'onyoka kama biskuti, mchanga unabaki kiganjani. Mara nyingi mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 umetolewa tofali 50 na zaidi za inchi 6, tena hazikumwagiliwa maji hata siku saba. Ila msumari ni wa kujua wenyewe tu. Kwa mahakama, tofali kadhaa ziende maabara ya vifaa vya ujenzi zikavunjwe kwa mashine, mpate karatasi.

Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zipimeni kwa venia (kifaa cha kupimia unene). Ikibaki nondo nzima ya mita 12, ipime uzito: ya milimita 12 inakaribia kilo 10.7, ya milimita 10 ni kilo 7.4. Mkataba ukisema 12 na zimesimikwa 10, karibu theluthi ya chuma mlicholipia haipo.

Baada ya hapo mleteni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa (mtaalamu wa kuthaminisha gharama za ujenzi). Huyu msimkwepe kwa kuogopa gharama, ripoti yake ndiyo inayogeuza malalamiko kuwa tarakimu. Mfano: akikuta kazi iliyopo ina thamani ya milioni 10.5, na kurekebisha nguzo ni milioni 1.2, dai ni 18 toa 10.5 jumlisha 1.2. Milioni 8.7. Msidai 18 yote wakati msingi upo.

Baba Junior 20:11
Mixer yake si bado ipo saiti? Tuizuie mpaka alipe.

Wakili Rehema 20:13
Hapana baba, tafadhali. Mkiificha au kuiuza, kesho mnaolala mahabusu ni ninyi. Iandikeni kwenye orodha ya mwenyekiti, basi.

Mama Neema 20:14
Dada Rehema, polisi tuende?

Wakili Rehema 20:26
Inategemea alidanganya nini, na lini. Ukifika kituoni ukasema "hajamaliza kazi", utaambiwa hilo ni la madai, nenda mahakamani. Lakini kama alionyesha cheti cha usajili kisicho chake ndipo akalipwa, hapo kuna kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 7. Risiti za kughushi za duka la vifaa nazo ni jinai. Andikeni uongo wenyewe, tarehe, na kiasi kilichotoka baada ya uongo huo. Mkishafungua jalada mchukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu polisi).

CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) angalieni kama jina lake limo na yuko daraja gani. Akiwemo, pelekeni malalamiko kwa maandishi. Bodi inaweza kumsimamisha au kumfuta. Kuwarudishia hela ni kazi ya mahakama.

Mama Neema 20:28
Mkataba ni karatasi moja tu. Mengine yote WhatsApp na malipo ya simu.

Wakili Rehema 20:41
Inatosha kuanzia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Dada asifute chochote, asiuze hiyo simu. Aombe taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu au benki, yenye muhuri. Picha ya skrini peke yake itapingwa.

Kisha notisi ya madai, siku 14, itaje kiasi kile cha ripoti. Akikaa kimya, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya mkataba hadi milioni 30. Muda wa kudai ni miaka 6, lakini mashahidi huhama na kuta huanguka, msingoje.

Mambo mawili yanayoangusha kesi kama hizi. Anayedai awe aliyesaini, yaani dada, si wewe Mama Neema. Na anayedaiwa awe yule aliyeingia mkataba: kama ni kampuni, chukueni jina kamili BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), kama ni mtu, jina la kitambulisho. Hukumu dhidi ya "Fundi Juma" haikaziki, yaani haitekelezeki.

Mkishinda, bado kuna kukazia hukumu kwa dalali wa mahakama. Anzeni sasa kuandika mali zake: namba ya gari, kiwanja kilipo.

Mama Neema 20:44
Ametuma ujumbe sasa hivi! Anasema atarudisha milioni 2, ila tusaini kwamba hatumdai tena.

Wakili Rehema 20:45
Msisaini. Pokeeni, muandike "sehemu ya malipo, deni lililobaki liko palepale". Na huo ujumbe uhifadhi, unaweza kusaidia kuonyesha kuwa amekiri deni.

Injinia Mlewa 20:47
Kesho saa 2 asubuhi nipo saiti na venia. Mwenyekiti nimeshamtumia ujumbe. Njoo na mkataba na ramani.