Masafa ni ya umma, jiko ni la nani? Mjadala wa chaneli za mtindo wa maisha

MLETA MADA (Houston)

Wakuu, salaam. Hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo nalitua hapa mlichambue.

Nilipofika mjini hapa sikuwa na pesa ya kulipia kebo. Nikanunua antena ya masikio mawili, nikaiegemeza dirishani, nikaanza kuminya rimoti. Kwenye 13.1 ni ABC, mtandao mkubwa wa runinga: habari, mpira, tamthilia. Ukipanda hatua moja, 13.2, unamkuta mtu anakanda unga. Saa moja baadaye mwingine anapaka ukuta rangi. Jioni kuna mtu anatembezwa milimani, na mwingine anafundishwa kupunguza tumbo. Siku nzima, wiki nzima. Mtandao huo wa runinga uliitwa Live Well Network. Msicheke, Kiingereza changu cha jikoni nilikipata hapo. Kabla yake nilikuwa naingia dukani kutafuta chujio la tambi kwa ishara za mikono.

Sasa tuone ulivyozaliwa. Stesheni ya Marekani hupewa masafa yenye upana wa megahezi 6. Zama za analojia, upana huo ulibeba picha moja tu. Dijitali ilipokuja, yale yale yakaweza kupitisha takriban megabiti 19.4 kwa sekunde, na picha moja ya HD haizimalizi zote. Kinachosalia kinatosha chaneli ya pili, hata ya tatu. Disney, wenye ABC, wakaanzisha Live Well tarehe 27 Aprili 2009 kwenye stesheni zao wenyewe. Wiki chache baadaye, 12 Juni, ikafika siku ya mwisho ya stesheni kubwa za Marekani kurusha analojia. Kwa hiyo mtandao huu haukuanza kwa sababu kuna mtu aliulilia. Ulianza kwa sababu kulikuwa na nafasi tupu.

Miaka ya kwanza ulikua vizuri, hata stesheni za wamiliki wengine zikauchukua. Mwaka 2014 Disney wakatangaza kuuzima. Mwaka 2015 zile stesheni za nje zikaachana nao, lakini haukuzimwa kabisa, ukabaki kwenye stesheni 8 za ABC wenyewe, na jirani yake wa chaneli ya tatu akawa Laff, mtandao wa vichekesho vya zamani. Halafu 17 Februari 2020 ukabadilishwa jina ukaitwa Localish. Hiyo Localish ilikuwepo tayari tangu 2018, ila kama video fupi za kutazama kwenye simu: mwenye mgahawa mdogo, fundi baiskeli, bibi anayeuza keki mtaani. Runinga ikamiminiwa kilichopikwa kwa ajili ya simu.

Hoja yangu ni hii. Masafa ni mali ya umma na wenye stesheni hawakuyanunua mnadani. Hata yale masafa ya pili waliyopewa kwa ajili ya kuhamia dijitali waliyapata bila kulipa. Je, mtu aliyepewa kiwanja cha umma akajenga chumba chake, akaona nafasi ya kuongeza vyumba viwili vya kupangisha, aachiwe apangishe atakavyo? Mimi nasema hapana. Chaneli ya ziada ibebe sharti: saa kadhaa kwa wiki za vipindi vilivyotengenezwa ndani ya mji ule ule unaoangaziwa na mnara wake. Karibuni.

MCHANGIAJI WA PILI (Dar es Salaam)

Mkuu, heshima yako, lakini naona unalalamikia sahani ya bure. Food Network ilianza 1993, HGTV ikafuata mwishoni mwa 1994, zote ni za kulipia kebo. Miaka kumi na tano watu wa kipato cha chini walikuwa hawazioni mpaka walipe bili. Live Well ikawaletea kwa antena ya dirishani. Wewe mwenyewe ni shahidi, umesema ulijifunza chujio. Halafu unataka kumwekea masharti aliyekufundisha?

La pili linalonitia hofu ni hilo neno "sharti". Huku kwetu tunajua sharti likishaingia linavyozaa wenzake. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliamuru ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku viondoe chaneli za bure za ndani, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzibeba. Kisheria walikuwa na hoja yao, sikatai. Ila mimi niliyekuwa na king'amuzi kimoja sebuleni niliamka nikakuta taarifa ya habari ya nyumbani haipo, mpaka nikanunue kingine. Sheria ilifuatwa, mtazamaji akalipia. Mwenye chaneli ya mapishi mwacheni apike.

MLETA MADA

Mkuu, sijasema asipike, nasema apike na vya hapa pia. Houston imejaa Wanaijeria, Wavietinamu, Wasalvador, na sisi tusio wachache. Miaka ile sikumbuki hata siku moja kuona sufuria ya mtaani kwangu kwenye 13.2. Nilikuwa namwona Joey Fatone, yule mwimbaji wa 'N Sync, akizunguka nchi nzima kuonja mapishi ya familia za watu. Kipindi kizuri, nakikumbuka kwa mapenzi. Lakini mnara uko hapa.

MCHANGIAJI WA TATU (Nairobi)

Kaka wa Houston na kaka wa Dar, mimi nimetengeneza kipindi cha mapishi, kwa hiyo nitasema kutoka nyuma ya kamera.

Kwanza mfano wa kiwanja haufanani na huku. Marekani mwenye stesheni ndiye mwenye mnara, ndiye mwenye masafa, ndiye mwenye vipindi. Akiona nafasi imebaki anaweka chaneli, haombi mtu. Kenya na Tanzania zilitenganisha: anayetengeneza vipindi ni mmoja, anayesambaza mawimbi ni mwingine, na wa kwanza humlipa wa pili. Kenya ugomvi wa mwaka 2015 kiini chake kilikuwa hapo. Citizen, NTV, KTN na QTV zilizimika Februari karibu wiki tatu, kwa sababu wamiliki wake walitaka kusambaza mawimbi yao wenyewe badala ya kupitia Signet, msambazaji wa KBC ya serikali, au msambazaji mwingine, kampuni ya Kichina. Watu walidhani ni kiburi. Ilikuwa ni hesabu ya kodi: nani atakuwa mpangaji wa nani.

Sasa chukua chaneli ndogo ya mtindo wa maisha katika mpangilio huo. Kila mwezi ina bili ya mawimbi kabla haijanunua hata kitunguu. Italipaje? Itauza muda. Ndiyo maana unafungua chaneli inayojiita ya maisha na familia unamkuta mganga wa nguvu za kiume, ukirudi saa mbili baadaye unamkuta nabii na mafuta ya upako.

Nilipeleka vipindi sita kwenye stesheni moja, sitaitaja. Nilipika vya Pwani: samaki wa kupaka, mahamri, viazi vya nazi, wali wa nazi na mchuzi wa kamba. Hawakuuliza ladha. Swali la kwanza: "Umekuja na mdhamini?" Nikatafuta, nikampata muuza unga wa ngano. Mkataba ukasema pakiti yake ionekane kila kipindi. Mahamri hakuna shida. Samaki wa kupaka je? Nikaambiwa nimpake unga kwanza. Nyanya yangu wa Lamu angefufuka. Nikampaka. Wali ulipofika nilikataa, nikasema wali hauna unga, mdhamini akaniuliza kama siwezi kupika chapati pembeni. Kipindi cha wali wa nazi kina dakika kumi na moja za chapati.

Kwa hiyo, kaka wa Dar, huo uhuru wa kupika unaousema mimi sikuuona jikoni kwangu. Hakuna ofisi ya serikali iliyonigusa, na bado nilipika nilichoamriwa.

MCHANGIAJI WA NNE (Minneapolis)

Dada wa Nairobi umeniua na chapati. Pole sana.

Naongeza mawili ambayo mleta mada kayaruka, na yote mawili yanambana.

Moja, kwa nini mtandao ule ulinyauka. Kebo za Marekani zina wajibu wa kubeba chaneli kuu ya stesheni ikiomba. Chaneli za ziada hazimo kwenye wajibu huo; FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliamua hivyo 2001 ikasisitiza 2005. Stesheni yenye nguvu inaweza kupatana na kebo izibebe, lakini hiyo ni biashara, si haki. Wengi wakati ule walitazama kwa kebo au dishi. Kwa hiyo 13.2 yako, nyumba nyingi hapo Houston hazikuwa na sababu ya kujua ipo. Mtangazaji biashara halipii asiyeonekana. Vichekesho vya zamani vimeshatengenezwa, unanunua haki ya kurusha na kazi imekwisha. Mapishi mapya yanataka mpishi, studio, taa na wapiga picha kila wiki. Ukiwa na watazamaji wachache, utachagua kipi?

Pili, hilo sharti unalolidai limeshajaribiwa. Kwa miaka mingi kila chaneli ya ziada ya bure iliiongezea stesheni wajibu wa vipindi vya elimu kwa watoto, kipimo kikiwa saa tatu kwa wiki kwa chaneli inayorusha muda wote. Matokeo? Stesheni zikapanga mfululizo wa vipindi vya simba na pomboo asubuhi mapema, mtoto hatazami, fomu inajazwa. Mwaka 2019 FCC ikalegeza, chaneli za ziada zikaondolewa mzigo huo. Ukiweka saa za "vya mji huu" utapata hivyo hivyo: mkurugenzi wa chama cha wafanyabiashara akihojiwa saa kumi na moja alfajiri.

Na kabla hatujasema soko ndilo mwalimu pekee: kuna Create. Ni mtandao wa stesheni za umma, umeenea nchini tangu Januari 2006, miaka mitatu kabla ya Live Well. Mapishi, ufundi, bustani, safari, yale yale. Hauna matangazo ya biashara, unaishi kwa wafadhili na michango ya watazamaji, na mpaka Live Well inabadilishwa jina, Create ilikuwa bado inarusha kwa jina lile lile. Mmoja alijaza nafasi akisubiri mpangaji bora, mwingine alikuwa na kazi ya kufanya. Samahani, hapo nimeegemea upande.

MCHANGIAJI WA PILI

Sasa huyo wa Minneapolis kanisaidia nusu na kaniangusha nusu. Create nimeipenda. Lakini mkuu, michango ya watazamaji huku kwetu? Mtu akiombwa mchango na runinga atadhani ni ile ya nabii.

MLETA MADA

Nimebanwa, nakubali. La watoto sikulijua kwa undani huo, na simba wa Jumamosi asubuhi nimewaona sana bila kujua wamewekwa na sheria. Naondoa saa za lazima.

Naweka hili badala yake, nalo lina mzizi tayari. Stesheni ya Marekani ikitumia masafa yake ya dijitali kuuza huduma ya kulipia, hutakiwa kutoa asilimia 5 ya mapato hayo kwa serikali. FCC iliweka hivyo 1998. Chaneli ya bure inayoishi kwa matangazo haimo. Sitaki tuiingize ilipe, itakufa kabla ya unga kuumuka. Nataka ilipe kwa muda wake wa hewani: chaneli ya ziada itenge saa chache ambazo mtu wa mji huo anaweza kuzichukua bila kuzinunua na bila kuja na mdhamini. Stesheni haitengenezi chochote, haijazi fomu, inafungua mlango tu. Localish ilionyesha kwamba mwenye mgahawa mdogo anavutia kumtazama. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kushika kamera.

Hata Nairobi, hao wasambazaji wa mawimbi wangeweza kuambiwa: katika chaneli zenu zote, moja iwe na saa za namna hiyo, bili yake ibebwe na leseni.

MCHANGIAJI WA PILI

Na nani atachagua aingie nani? Maana huku "mlango wazi" huwa na foleni, na foleni huwa na mjomba wa mtu mbele.

MLETA MADA

Kura ya bahati nasibu. Anayeshinda ana wiki nane, anatoka, anaingia mwingine. Mjomba hana wa kumpigia simu.

MCHANGIAJI WA TATU

Kaka, bahati nasibu au foleni, mimi nitajiandikisha. Nikipewa hizo wiki nane, kipindi cha kwanza ni mkate wa sinia: mchele, tui, sukari, iliki, hamira. Hakuna hata punje ya ngano, na nitasogeza kamera karibu ili yule bwana aone vizuri.